Jinsi ya kufanya wasichana na wavulana wote waongee kingereza darasani, sio walewale watano kila siku

Hii ni ya walimu wenzangu wa sekondari, hasa nyie mnaoshika fomu wani na fomu tu kwenye shule za kata, zile za kutwa, darasa moja watoto sabini na ushee. Wazazi nanyi someni tu, kuna ya nyumbani pia humu ndani.

Hali yenyewe mnaijua. Unauliza swali kwa kingereza, mikono inaruka mitano, minne ya wavulana wa nyuma na mmoja wa yule binti aliyetokea inglishi midiamu, unachagua mmoja, anajibu kingereza cha kuokoteza lakini anajibu, unamwambia "very good" kipindi kinaenda. Alafu unakusanya madaftari unakuta insha safi kabisa ya binti ambae tangu Januari hujasikia sauti yake zaidi ya "present" wakati wa kuita majina, na yule mvulana mshusha ngeli hawezi kuandika sentensi tatu zikakamilika. Tukifika stafu tunafunga kesi: wavulana ni wa kuongea, wasichana ni wa kuandika, ndo walivyoumbwa. Na mimi nilikua nasema hivyohivyo, tena kwa kujiamini.

Kwenye kuumbwa tunasingizia. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Janet Hyde na Marcia Linn, walikusanya tafiti 165 zilizokua zinalinganisha uwezo wa lugha wa wanaume na wanawake, wakakuta tofauti iliyopo ni ndogo mno, huwezi kuitumia kumpangia mtoto anaweza nini na hawezi nini. Kinachotofautiana darasani ni zamu na woga. Nani anapewa zamu ya kufungua mdomo, na kila mmoja anaogopa nini akikosea. Vyote hivyo ticha unaweza kuvigusa bila bajeti ya mtu, ndo maana naandika.

Anza kwa kuhesabu, na uhesabu kwa majina

Kabla hujabadilisha chochote, wiki moja tu, chukua orodha ya darasa uiweke mezani, kila mtoto akiongea kingereza kwa sauti darasa likasikia piga kijiti mbele ya jina lake. Kama huwezi kufundisha huku unapiga vijiti mpe kiranja, ila usimwambie unatafuta nini, mana ukishasema "nahesabu wasichana" siku hiyo wasichana wataongea kukufurahisha na wiki ijayo wanarudi kimya.

Mimi mwanzo nilikosea hapa, niligawa karatasi pande mbili, Me na Ke, ikatoka picha niliyoitegemea, upande wa wavulana vijiti vimejaa mstari, upande wa wasichana havijai mkono mmoja. Nikaona basi kweli, wavulana wanaongea. Baadae nikarudia kwa majina ndo nikashtuka, vile vijiti vyote vya wavulana vilikua vya watu wanne. Wanne! Wengine thelathini na kitu hakuna hata kijiti, walikua wamejificha nyuma ya kelele za wenzao na mimi kila siku nawahesabia kwamba "wavulana wako vizuri". Yaani bubu wa kike nilikua nawaona, bubu wa kiume siwaoni kabisa. Kwahiyo tafadhali sana, majina.

Alafu piga hesabu nyingine ndogo. Kipindi ni dakika 40, sawa na sekunde 2,400. Gawa kwa watoto 70 unapata sekunde 34 hivi kila mmoja, hiyo ni kama wewe mwenyewe hujatamka neno tangu kengele mpaka kengele, na unajijua. Tangu ada ifutwe 2016 madarasa yamejaa na hayapungui leo wala kesho, kwahiyo ukitegemea mtindo wa mmoja anasimama wengine sitini na tisa wanasikiliza, hata ukigawa zamu kwa haki kama unagawa sukari ya msaada, hakuna atakaejifunza kuongea kwa sekunde 34. Lazima midomo mingi ifunguke kwa wakati mmoja.

Wawili wawili kwanza, darasa baadae

Hii ndo dawa kubwa kuliko zote na haina gharama. Uliza swali, wape dakika moja wafikirie kimya (kuandika maneno mawili matatu ruksa), alafu wanaongea na wa jirani dakika tano, ndo unaomba watu wachache waseme mbele ya wote. Wawili wakigawana dakika tano kila mmoja kapata mbili na nusu, zidisha mara tatu nne kwa wiki uone umevuna nini. Darasa litapiga kelele, ndio, mkuu atachungulia dirishani, mueleze mapema.

Sasa nani akae na nani. Mwanzo wa mwaka, hasa fomu wani, mimi naacha msichana akae na msichana na mvulana na mvulana. Najua kuna watakaosema tunawatenga, ila fikiria mtoto wa miaka 13 au 14 katoka msingi alikosoma kila kitu kwa kiswahili, leo jiografia, bailojia vyote vya kizungu, alafu umlazimishe aokoteze maneno mbele ya mvulana asiyemjua ambae kesho atamuigiza njiani wakirudi nyumbani. Hafungui mdomo. Ukimkalisha na rafiki yake atakosea akacheka akarudia. Ikifika kama wiki ya sita hivi naanza kuchanganya, kwanza kwa wanne (wasichana wawili wavulana wawili), mwisho wawili wa mchanganyiko. Usichanganye msichana mmoja na wavulana watatu, huyo mmoja atageuka msikilizaji, nimejaribu sio mara moja.

Na usimpangie mwenye kingereza kizuri na asiyejua kabisa kila siku, mwenye nacho atahubiri. Badilisha kila wiki.

Kwenye makundi angalia nani ameshika peni

Hili wengi hatulioni. Wape kazi ya kundi, zungukia madawati, uone nani anaandika. Binti. Nani atakuja mbele kusoma? Mvulana. Binti ana mwandiko mzuri basi kawa sekretari wa kudumu, anaandika mawazo ya wenzake na ya kwake, alafu anamkabidhi kaka yetu karatasi akasome mbele na apigiwe makofi. Mwisho wa mwaka binti kaimarika kuandika, mvulana kaimarika kusimama mbele za watu, na sisi tunasema wameumbwa hivyo!

Dawa yake: msemaji asijulikane mpaka kazi iishe. Mimi nina kopo tupu la maziwa ya unga, ndani kuna vikaratasi vyenye namba 1 mpaka 5, kila mwanakundi ana namba yake, muda ukiisha navuta kikaratasi, namba 3 wa kila kundi ndo anakuja. Kwahiyo kundi zima linalazimika kumuandaa kila mtu, hata yule mvulana mpole wa pembeni. Alafu karatasi ibaki mezani, aje na maneno matano tu kwenye kiganja, mana akija na karatasi anasoma haongei.

Subiri. Kweli subiri

Kuna mama mmoja Mary Budd Rowe, mtafiti wa mambo ya ufundishaji, alipima muda ambao walimu wanasubiri baada ya kuuliza swali akakuta ni kama sekunde moja tu, na walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi majibu yakawa marefu na watoto wengi zaidi wakajibu. Hao walikua wanajibu kwa lugha waliyoizoea. Wa kwetu anasikia kwa kingereza, anageuza kiswahili (mwingine anapitia na kisukuma huko), anatafuta jibu, analigeuza tena, anapanga "is" na "are", ndo anyooshe mkono. Wewe ushampa yule mwenye mkono wa spring.

Mimi nahesabu kimyakimya moja mpaka kumi, na nimeweka sheria mikono isinyooke mpaka nimalize. Siku za kwanza ukimya unauma, utatamani ujibu mwenyewe. Vumilia. Kwa nilivyoona darasani kwangu wanaonufaika zaidi na hizo sekunde ni wasichana, kwa sababu wengi wanataka sentensi iwe imekamilika kichwani ndo waiseme, wakati wale wavulana wanne wanaanza kuongea alafu wanaitafuta sentensi njiani. Hakuna ulio bora, ila mtindo wetu wa kukimbiza kipindi unalipa mmoja tu.

Angalia pia aina ya swali unalompa nani. Nilijikuta wasichana nawauliza "is it true?" anajibu "yes madam" anakaa, wavulana nawauliza "why do you think so?". Sikua na nia mbaya, nilikua namuonea huruma asiaibike. Huruma hiyo inamnyima mazoezi.

Kuzomea kuishe siku ya kwanza

Woga wa msichana na wa mvulana unafanana kwa nje, ndani ni vitu viwili. Msichana akiongea kingereza vizuri anaambiwa anajishaua, anajifanya mzungu, akikosea anachekwa wiki nzima. Akipata akikosa ni matusi. Alafu kuna la mwili ambalo sisi, hasa walimu wa kiume, hatulifikirii: desturi yetu mtoto anayejibu anasimama, au anaitwa mbele ubaoni. Binti aliye kwenye siku zake, sketi ya shule, pedi ya kubahatisha, unamwambia simama geuka andika ubaoni. Atakuambia hajui jibu hata kama analo. Ruhusu watu wote wajibu wakiwa wamekaa, wote, usifanye ni upendeleo wa wasichana, na utashangaa mikono mipya itakayotokea.

Mvulana nae ana yake. Fomu tu sauti inavunjika, inapanda inashuka kama redio yenye betri za kuisha, akisema neno moja linatoka sauti mbili darasa linaangua kicheko. Atajificha kwenye utani, atajibu upuuzi kwa makusudi ili mkicheka mcheke alichopanga yeye. Wengine wanaogopa kushindwa na msichana hadharani, huyo atakwambia kingereza ni cha mademu, mpira na kiswahili vinamtosha. Ukimpiga viboko umemthibitishia. Mpe nafasi kwenye kundi dogo kwanza, sauti hiyo itatulia yenyewe.

Sheria ya darasani kwangu ni moja tu kuhusu hili, anayecheka kosa ndo anaefuata kuongea, dakika moja, mada naitoa mimi. Sio adhabu, nasema kwa upole kabisa "karibu mbele". Baada ya wiki mbili kicheko kinakua cha kuchagua. Na zile mbao za kuvalishwa shingoni aliyeongea kiswahili zitupeni, zinafundisha mtoto kukaa kimya, na aliyekwisha zoea kukaa kimya hizo hazimkamati kabisa, zinawakamata waongeaji.

Wafundishe pia maneno ya kujiokoa, haya wayakariri kabisa: "let me start again", "I forgot the word, it is something you use for...", "can you repeat, please?". Mtoto mwenye njia ya kutokea haogopi kuingia.

Kusahihisha

Usimkate mtu katikati. Andika makosa pembeni, mwisho wa shughuli weka matatu ubaoni bila majina, darasa zima lisahihishe. Hapa usawa unageuka upande wa pili, mana wale waongeaji wetu wanne hatuwasahihishi, tunafurahi tu kwamba wanaongea, matokeo yake "he don't" ya fomu wani inakauka kama saruji mpaka fomu foo. Msichana tunamsahihisha kila herufi mpaka anaacha. Pima kwa haki, muongeaji anahitaji umakini na mkimya anahitaji kwanza aongee.

Kosa moja la wote: kiswahili chetu hakina "he" na "she", "anakuja" ni baba, ni mama, ni mwalimu. Kwahiyo "my mother he is a farmer" mtaisikia mpaka mchoke, na ndo inayochekwa kuliko zote. Waelezeni tu inatoka wapi, kwamba sio ujinga, ni lugha yetu haijali jambo hilo, alafu fanyeni mazoezi ya kusimulia kuhusu ndugu, dakika mbili mbili, shangazi, mjomba, bibi. Wanaipenda sana hii, wasichana kwa wavulana.

Mada nazo zinachagua waongeaji

Mvulana anarudi nyumbani jioni anaenda kibandaumiza, ligi ya Uingereza, majina ya kingereza yanaruka, offside, corner, penalty, muvi za vita. Dada yake saa hiyohiyo anateka maji, anapika, anamuogesha mdogo wao. Ukifika kesho ukasema leo tuongelee football umeshachagua nani ataongea. Sisemi mpira uondoke, kuna mabinti wanajua mpira kuniliko, nasema zungusha: bei za sokoni, ugomvi wa daladala, namna ya kupika kitu fulani hatua kwa hatua (hapo ndo utaona binti bubu anatoa maelekezo kama ofisa, na wavulana wanaouza chipsi jioni nao wanapamba moto), simu kuharibika, ndoto niliyoota.

Mzazi, sehemu yako ndo hii. Binti apate nusu saa yake jioni kama kaka yake anavyopata masaa mawili. Na kaka yake ateke maji, hakuna kitakachomvunjika. Ukiwasikia wanaongea ung'eng'e mbovu jikoni usiwacheke.

Dibeti

Dibeti ya shule nyingi ni wazungumzaji wakuu wanne, walewale, wamekariri karatasi, mia tatu wamekaa chini ya mti wanapiga makofi. Nyie fanyeni za darasani. Kila mtu anapewa vizibo vitatu vya soda, ukiongea unaweka kimoja kwenye kopo, vikiisha umemaliza, unasikiliza. Kizibo kimoja ni lazima kitumike kabla kengele. Wale wanne wanamaliza vyao dakika tano za mwanzo, alafu inakuja hali ya ajabu, dakika kumi za wengine, taratibu, mapengo mengi, lakini ni sauti ambazo hujawahi kuzisikia.

Mada ya "wasichana ni bora kuliko wavulana" iacheni, haijawahi kumfundisha mtu kitu zaidi ya matusi.

Mwisho wa muhula

Mtihani wa kidato cha nne wa kingereza ni wa kuandika, hauna sehemu ya kuongea, ndo maana wengi tunaona haya yote ni anasa wakati silabasi haijaisha. Basi pima mwenyewe. Wiki ya pili ya muhula mrekodi kila mtoto kwa simu yako sekunde 30, swali rahisi, alafu wiki ya mwisho mrekodi tena swali linalofanana, msikilizishe zote mbili. Fanya mahali pa wazi, chini ya mti au varanda, watu wanapita wanaona, hasa ticha wa kiume na mabinti, usimuite mtu ofisini peke yake kwa ajili ya hili. Na hizo sauti zisiende kwenye grupu lolote la wasap, zifute ukimaliza.

Kwenye ripoti acheni kumuandikia binti "mtulivu, ana bidii" na mvulana "mchangamfu". Andika alichofanya mdomo wake, kwa mfano "anaeleza jambo kwa dakika moja bila kusoma", "anauliza maswali, bado anachanganya wakati uliopita". Alafu fungua ile orodha yako ya vijiti ya wiki ya kwanza, hesabu tena kwa majina. Mimi muhula wa kwanza wa kujaribu nilibakiwa na kumi na moja wasio na kijiti, sita wavulana watano wasichana, hao ndo nilioanza nao Julai.